Chombo Kisichoidhinishwa

Machi 4

Mdogo wangu,

Salamu zitakuja mwishoni, kwanza nitoe lililonijaa kifuani. Shirika lenu limenikatia simu.

Walikuja wanaume wawili wenye ovaroli zenu za kijani. Walipita moja kwa moja hadi chumba cha kupangia herufi kana kwamba wamezaliwa humu kwenye kiwanda cha uchapaji. Nilikuwa nimewapa mgongo, nikajua wapo pale tu bosi alipozima na kuwasha taa, maana ndivyo anavyoniita. Mmoja ameshaushika waya. Nikamwambia, "Wewe, acha, huo waya una kazi!" Sauti yangu huwa inatoka inavyotaka yenyewe, basi alishtuka kama amejibiwa na kabati. Mwenzake akanionyesha karatasi: *Chombo kisichoidhinishwa.* Wakakata, wakaondoka. Kisanduku changu walitaka kukibeba nikakikumbatia, na hakuna aliyekuwa tayari kupigana mieleka na mama wa makamo mbele ya wateja.

Sikukuambia habari za kisanduku kwa sababu nilitaka nikuletee kitu kilichokamilika. Ni modemu. Fundi Redio wa mtaa wa pili kaiunda kwa vipuri vya redio mbovu. Naandika kwenye kompyuta ya kiwanda, kisanduku kinageuza herufi kuwa miluzi, miluzi inapita kwenye waya wa simu kama sauti ya mtu yeyote, na upande wa pili kisanduku kingine kinairudisha kuwa herufi. Bosi aliwahi kuinua simu katikati ya mazungumzo yetu, akasema ni kama paka aliyekanyagwa mkia. Mimi sijui paka huyo analiaje. Ninachojua ni kwamba upande wa pili, kwenye shule ya viziwi, alikuwapo rafiki yangu Mwalimu wa Ushonaji, kiziwi kama mimi, naye aliandika: NI WEWE? Nikaandika: NI MIMI.

Tangu ile homa ya uti wa mgongo iondoke na masikio yangu nikiwa darasa la pili, simu kwangu ni pambo la mezani. Kwa wiki chache haikuwa pambo. Sasa wewe ndiye mhandisi wa Shirika, tena unakaa chumba chenyewe cha kupimia vyombo. Niambie, nimekosa nini?

Msalimie Mama na wifi yangu.

Dada yako

—

Machi 15

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, begi bado begani.

Hujakosa kwa nia, ila umevunja kanuni. Inasema hivi: *Mtu asiunganishe kwenye waya wa simu chombo chochote ambacho hakikutolewa na Shirika.* Chochote. Hata kengele ya ziada. Modemu tunazo, lakini zinakodishwa kwa mabenki na ofisi kubwa tu.

Najua utasema ni ubahili. Kwa upande fulani ni ubahili kweli. Lakini kabla sijapewa meza nilipanda nguzo, Dada. Umeme wa waya wa simu ni mdogo, kwa kawaida utakutekenya tu. Umeme wa ukutani ni mwingine kabisa. Ukipenya kwenye waya wa simu kupitia chombo kilichoungwaungwa, fundi aliye juu ya nguzo mtaa wa tatu, mikono mitupu, hatajua hata kilichompiga. Msimamizi wetu wa mafundi alimpoteza mwenzake hivyo, na hajawahi kulizungumzia hilo akamaliza sentensi.

Nakuomba uliache hili jambo. Mkurugenzi ameshajua kwamba mwenye chombo ni ndugu yangu. Aliniuliza mbele ya watu, "Kumbe kwenu mnaunda na simu?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Ningefanyaje?

Mama hajambo. Anakusalimu sana, anasema mwanangu ujitunze.

Mdogo wako

—

Machi 28

Mdogo wangu,

Kwa hiyo ulicheka. Haya.

Nikueleze kilichotokea tangu wakate waya. Juma lililopita mtoto mmoja wa bweni alibanwa na pumu. Siku hiyo kwenye shule nzima hakukuwa na mtu anayesikia. Mlezi alikuwa amekwenda msibani. Simu ipo pale mezani, nzima kabisa, na karibu nayo wamesimama watu wazima watatu wasioweza kuitumia. Kisanduku changu kingekuwa bado kimeungwa, Mwalimu angeniandikia, bosi wangu angepiga hospitali, gari likaja. Badala yake Mwalimu alimfunga mtoto mgongoni na kukimbia naye barabarani hadi lori la mchanga liliposimama. Mtoto amepona. Mwalimu mpaka leo hawezi hata kutunga uzi kwenye sindano.

Unaniomba niache. Siachi.

Nilikwenda kaunta ya simu hapa mjini nikaomba kitabu cha kanuni. Binti wa hapo alinitazama kama nimeomba nyama ya mamba, lakini alikipata, kiko chini ya birika. Nimekisoma chote. Kile ulichoninukulia kipo. Ila ukifungua ukurasa unaofuata, pameandikwa: *isipokuwa kwa kibali cha maandishi, baada ya chombo kupimwa na Shirika.* Nilimuuliza binti ni nani amewahi kuomba kibali hicho. Akaandika kwenye bahasha: *Hakuna.* Basi leo yupo. Kisanduku nimekifunga kwa magazeti, nimekikabidhi kwa kondakta wa basi la asubuhi, na ombi langu limo ndani, limepigwa chapa vizuri kuliko kitabu chenu. Kipime. Sikuombi upendeleo. Kipime kama cha mtu usiyemjua.

Halafu, mbona Mama haandiki mwenyewe? Kwenye barua zako zote za zamani aliongeza mistari yake chini, na juu ya hapo kunisahihisha makosa yangu. Mwambie namsubiri.

Dada yako

—

Aprili 11

Dada,

Shikamoo. Kisanduku kilifika salama. Mkurugenzi alisoma ombi lako, akalitupa mezani kwangu: "Umetaka kupima vya nyumbani, pima." Nadhani alitarajia nipitishe ili anikamate.

Nilikipima kama ulivyosema, kama cha mtu nisiyemjua. Nguvu ya sauti iko sawa. Herufi zinapita bila kupotea. Kisha nikakichomeka kwenye umeme wa ukutani, nikaweka mita kati ya waya wa simu na ardhi, na sindano ikaruka hadi mwisho. Nikarudia kwa mita nyingine. Ikaruka tena. Umeme unavuja, Dada. Si kila wakati, ni kikipata joto. Siku ambazo ulikuwa ukiongea na Mwalimu, waya wote mpaka kwenye nguzo ulikuwa mtego.

Nimeandika *Hakikufaulu* na kutia sahihi. Karatasi imo humu, na kisanduku kinarudi kwa kondakta yuleyule.

Mama mkono umechoka kidogo, ndiyo maana haandiki. Anasema mwanangu usijali.

Mdogo wako

—

Aprili 22

Mdogo wangu,

Karatasi yako nimeipata. Nilikaa nayo nikiwa na hamu ya kuichana, nikaipeleka kwa Fundi Redio ili tuwe wawili wenye hamu hiyo. Yeye hakuichana. Alifungua kisanduku, akakiwasha, akakiacha kipate joto, akapima. Kisha akaniondokea, akaenda kusimama nje ya kibanda chake akitazama mafundi wenu waliokuwa wakitengeneza waya juu ya nguzo iliyo mbele ya duka la viatu. Alisimama pale muda mrefu. Aliporudi aliniandikia: *Ndugu yako kasema kweli. Ningeua mtu.*

Naunda upya. Safari hii anatia transfoma kati ya upande wa umeme na upande wa simu, waya wa huku usigusane kabisa na waya wa huko, sauti iruke kwa sumaku tu. Vitakuwa viwili, kimoja changu na kimoja cha shule. Sikushukuru bado, maana bado nina uchungu, lakini jua kwamba nimeelewa.

Sasa la pili, na hili usinijibu kihandisi. Mama hajaniita "mwanangu" tangu nizaliwe. Mimi kwake ni Chiriku, kwa yale makelele yangu ya utotoni, na hata baada ya kuwa kiziwi hakubadilisha. Barua zako mbili zimekuja na "mwanangu". Hayo maneno umeyatunga wewe. Na Mama aliyekuwa karani wa taipu mahakamani, mkono wake uchoke hadi ashindwe kuandika mistari miwili?

Mama ana nini?

Dada yako

—

Mei 2

Dada,

Mama aliugua kiharusi mwezi wa pili. Alianguka jikoni, sufuria mkononi. Upande wa kulia umelegea, mkono na mguu. Mdomo umekwenda upande na ulimi mzito, maneno hayatoki. Akili yake iko palepale: anaelewa kila kitu, anakasirika vilevile. Redio ikisema uongo anairushia kijiko kwa mkono wa kushoto.

Nilijiambia nitakuandikia akipata nafuu, ili barua ikufikie ikiwa na habari njema. Kila nikishika kalamu naona barua itachukua siku zote hizo njiani, na wewe utaisoma hali mimi nimeshajua mengine, na hujui mengine hayo ni yapi. Ningekuwa na ndugu anayesikia ningempigia jioni ileile. Nimeliandika hilo nikaliona lilivyo. Huko ndiko kunyimwa unakolalamikia, nami nilikuwa mlangoni nimeshika ufunguo.

Njoo. Wifi yako ameshakutandikia. Anasema usilete chochote, uje wewe tu.

Mdogo wako

—

Mei 26

Mdogo wangu,

Nimerudi nyumbani salama. Basi liliharibika njiani, nikafundisha abiria wawili kusema "dereva mzembe" kwa ishara.

Kuna mambo sikuweza kukwambia nilipokuwa kwako, maana wewe na wifi yangu mlikuwa mnaingia na kutoka mkinitazama kama yai. Siku ya kwanza nilipoketi mbele ya Mama, alinisemesha. Nilimwona anasema. Na sikupata hata neno. Midomo ya watu wengine naibahatisha, lakini ya Mama nilikuwa naisoma hata akitafuna, hata akiwa na pini za nguo mdomoni. Sasa imepinda, na lugha yote imepinda nayo. Lugha ya ishara hakujifunza zaidi ya "njoo", "kula" na "nitakuchapa". Alirudia, nikatikisa kichwa. Akarudia tena, machozi yakamtoka kwa hasira. Nikatoka nje nikajifungia chooni kwenu, nikagonga ukuta. Samahani kwa kile kigae.

Ile kompyuta uliyoiazima kazini ndiyo iliyotuokoa. Nilipomvuta hadi kwenye meza sikuwa na uhakika. Akautazama ubao wa herufi, akanyoosha kidole cha kushoto, akapiga bila haraka, na herufi zikatokea: UMEKONDA. Nilicheka nikalia palepale. Nikamjibu kwamba yeye ndiye aliyekonda. Akaandika: MIMI NINA SABABU. Tuliendelea hivyo mpaka chai ikawa maji. Kwa mara ya kwanza sikuwa nabahatisha neno lake lolote.

Kwa hiyo sasa sikiliza. Hasira niliyokuja nayo sijaimaliza, nimeiweka kando kwa kuwa tuna kazi. Vile visanduku viwili vipya nimekuachia chini ya meza ya kompyuta, uvipeleke kazini. Kingine cha tatu Fundi anakiunda, hicho ni cha nyumbani kwako, cha Mama. Vipime vyote. Kikivuja hata kimoja nirudishie, tutakiunda tena, na tena.

Na kama Mkurugenzi atasema havipiti hata vikifaulu, kuna Bodi juu yake. Ombi la Bodi nimeshalipanga herufi. Limetiwa sahihi na walimu wote, na wazazi, na yule dereva wa lori la mchanga, ambaye aliomba mwenyewe.

Dada yako

—

Julai 9

Dada,

Shikamoo. Waombaji hawaruhusiwi kuingia kwenye kikao cha Bodi, kwa hiyo acha nikueleze kama kilivyokuwa, nisiongeze wala kupunguza.

Visanduku vyote vitatu vilifaulu. Nilivipasha joto, nikavipoza, nikavipasha tena. Sindano haikutikisika. Mkurugenzi aliposoma matokeo alisema, "Hata kama. Hatutoi kibali." Ndipo nilipopeleka ombi lako kwa katibu wa Bodi kwa mkono wangu. Wifi yako alininyooshea shati siku hiyo, na akanifunga tai mwenyewe.

Chumba ni kikubwa, meza ndefu, mapazia mazito. Mkurugenzi alianza. "Waheshimiwa, tunawahurumia hawa watu. Lakini tukimfungulia mmoja, kesho kila mwenye bisibisi atajichomeka kwenye waya zetu. Na mhandisi aliyepima ni ndugu wa mwombaji. Hilo peke yake linatosha."

Mwenyekiti akanigeukia. "Ni kweli ni dada yako?"

"Ni kweli, Mheshimiwa. Ndiye huyohuyo niliyemfelisha Aprili. Karatasi ile nayo iko mbele yako."

Akaitafuta, akaisoma, akampa wa pembeni yake.

Kisha Msimamizi wa mafundi wa nguzo akaomba kusema. Huyo ndiye niliyemwogopa kuliko Mkurugenzi. Alisimama taratibu. "Mimi sina habari na makaratasi," akasema. "Nina vijana juu ya nguzo. Nataka kujua kitu kimoja. Hicho kisanduku kikiwa kwenye umeme, wewe ungeushika huo waya?"

Sikuwa nimepanga, Dada. Nilikuwa nimekuja na mita na michoro. Lakini kisanduku kilikuwa pale, na soketi iko ukutani nyuma ya kiti cha katibu. Nikamwomba asogee. Nikachomeka. Tulikiacha kipate joto, na watu wakawa wanakohoa na kutazama dari. Nilikumbuka sindano ile ya Aprili ikiruka. Kisha nikachubua ncha za waya wa simu, nikazishika, moja kwa kila mkono, nikasimama nazo.

"Unasikia nini?" akauliza Msimamizi.

"Nasikia njaa," nikasema, kwa sababu ni kweli.

Hakucheka. Alikuja hadi niliposimama, akanipokonya zile ncha, akazishika mwenyewe. Akakaa nazo hivyo, amefumba macho. Alipoziachia alimwambia Mwenyekiti, "Kwa upande wa vijana wangu, naridhika." Akarudi kukaa.

Niliwaambia basi habari ya mtoto wa pumu, na ya Mama. Sikuyapamba.

Waliamua jioni ileile. Vibali vitatu, na zaidi ya hivyo kanuni inaandikwa upya. Walinipa kalamu niandike sentensi yake mimi: *Chombo chochote kilichopimwa na kufaulu kitapewa kibali, awaye yote mwenye nacho.* Mkurugenzi alitaka iongezwe "kwa hiari ya Shirika". Mwenyekiti alikataa.

Kesho yake nilikuta meza yangu imefunguliwa na vitu vyangu kwenye boksi. Nimehamishiwa ghala la nguzo, kusimamia miti iliyolala. Kuna upepo mzuri, na mlinzi anajua kucheza bao vibaya sana. Usinihurumie. Mkurugenzi anadhani ameniadhibu, na mtu aliyechukua nafasi yangu kwenye chumba cha kupimia ni kijana makini, nimeshamfundisha kupasha vyombo joto kabla ya kupima. Juzi kaletewa modemu ya fundi saa mmoja. Imefeli. Ataileta tena.

Mafundi watakuja kwako mwisho wa mwezi. Wafungulie mlango vizuri, usiwakumbatie.

Mdogo wako

—

Julai 30

Mdogo wangu,

Walikuja walewale wawili. Yule wa kabati, aliyeshtuka Machi, alinisalimia kwa ishara, alikuwa amejifunza wapi sijui, akakosea na kuniambia "habari za ndizi". Nikamwambia ndizi hazijambo. Akaunga waya, akabandika kibandiko chenye namba ya kibali, akakilainisha kwa kidole gumba mpaka pembe zikakaa. Bosi akawanunulia soda. Fundi Redio alikuja amevaa koti, akasimama nyuma kabisa, hakutaka mtu amwone.

Kisha wote wakatoka wakaniachia chumba. Nikapiga namba ya nyumbani kwako. Wewe ulikuwa ghalani, wifi yangu ndiye aliyemsogeza Mama mezani. Taa ya kisanduku ikawaka, na maandishi yakaanza kuja, herufi moja, halafu nyingine, kwa kile kidole chake kimoja.

Alianza kunieleza ya daktari, na mazoezi ya mguu, na kwamba wewe unarudi na vumbi la miti mpaka kwenye nyusi. Nikawa nasoma. Halafu akaandika kwamba hataki tena mazoezi, yanauma, ameamua kuacha, na kabla hajamaliza neno nikaandika HAPANA. Herufi zangu zikaingia katikati ya zake, kioo kikawa uji. Akaandika NGOJA NIMALIZE. Nikaandika HUACHI MAZOEZI. Akaandika MIMI NI MAMA YAKO. Yangu yakapanda juu ya yake, yake juu ya yangu, hakuna aliyekuwa anaelewa kitu.

Unaelewa maana yake? Wewe umekatizana maneno na Mama maisha yako yote, umezoea, huoni kitu. Barua haikatizwi. Midomo ukiisoma unasubiri ifunge ndipo useme. Tangu darasa la pili mimi nimekuwa mtu wa kusubiri.

Akaandika tena, polepole, kama anayepiga taipu hukumu ya mahakama: SUBIRI ZAMU YAKO.

Sikusubiri.

Dada yako